Vigae havijui kabila

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa kati iliyodai kwamba vigae vya kale, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, "vimemaliza ubishi" wa nani alitangulia kufika pwani ilinifikia hapa Muheza ikiwa imefungiwa maandazi. Maandazi niliyala, makala nikaisoma mara mbili, na sikubaliani nayo. Mwandishi wenu anasimulia kana kwamba mtu akiokota kigae anaweza kukigeuza chini akasoma jina la kabila la aliyekifinyanga. Mambo hayaendi hivyo, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mfinyanzi. Nimezaliwa Ikombe, kwa Wakisi, kando ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo mtoto wa kike anashika udongo kabla hajashika kalamu. Nikaolewa huku Tanga. Isitoshe, kwa msimu mmoja niliwahi kuwa kibarua wa watafiti waliokuwa wakichimba chini ya milima ya Usambara. Kazi yangu ilikuwa kuosha vigae kwa mswaki, kuvianika juu ya magunia na kuviandika namba ndogo kwa wino upande wa ndani. Wasomi wale walikuwa na tabia nzuri ya kujibu maswali, nami nina tabia ya kuuliza. Mengi ya kitaalamu ninayoyasema hapa nilianza kuyasikia kwao, nikaendelea kuyatafuta mwenyewe.

Nianze na yale ambayo mwandishi wenu ameyapatia. Ni kweli kwamba vyungu vimetuonyesha njia ambazo watu wa kale walipita, hasa katika sehemu hizi zetu ambako hakuna aliyeandika kitu. Mwaka 1948 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na wenzake walichapisha habari za vyungu vya ajabu kutoka Urewe, magharibi mwa Kenya. Vingi vilikuwa na kibonyeo katikati ya kitako, kama vile mfinyanzi alikandamiza kidole gumba udongo ukiwa bado mbichi. Baadaye vyungu vya jamii hiyohiyo vikaonekana Rwanda, Burundi, Kivu, Uganda na kwetu Kagera. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, Peter Schmidt alichimba miaka ya 1970 akiongozwa na masimulizi ya wazee wa Kihaya, akakuta vyungu hivyo pamoja na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo wenye vyungu vile walikuwa wahunzi, na walikuwa wakulima. Nao hawakuwa wa kwanza kufinyanga katika eneo la ziwa. Kabla yao kulikuwa na wavuvi na wawindaji waliotengeneza vyungu vinavyoitwa vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo Mto Kagera, maelfu ya miaka kabla chuma hakijajulikana.

Halafu tuje huku kwetu. Mwaka 1966 Robert Soper alichimba Kwale, kusini mwa Mombasa, akapata vyungu vilivyofanana kwa mengi na vya Urewe, ila si vilevile. Umri wake ni karne ya 2 au ya 3 baada ya Kristo. Alivipata pia Usambara na Upare. Wengine wakavikuta kusini zaidi, na Profesa Felix Chami akavifuatilia pwani ya Tanzania na visiwani. Vyungu vya ukoo huo vimeonekana Matola huko Msumbiji, na kufikia karne ya 5 vilikuwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Kutoka Kwale hadi huko ni zaidi ya kilomita 2,500, na ilichukua karne chache tu. Sioni namna ya kueleza jambo hilo bila watu kuhama. Mtu hachukui mtindo wa mdomo wa chungu akauvusha mito yote hiyo peke yake, pamoja na mbegu, pamoja na ujuzi wa kuyeyusha chuma, kama hakuna familia zilizofunga mizigo zikaenda kutafuta shamba jipya. Hapo mwandishi wenu na mimi tuko pamoja.

Nimewahi kushika mdomo wa chungu cha Kwale. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, rangi ya kahawia iliyoungua, kizito kuliko kinavyoonekana. Siku hizi wengi wetu tunauzungusha mdomo kwa kitambaa chenye maji ukawa mviringo, basi. Huyu hakufanya hivyo. Aliukata bapa, akageuza mkono akakata bapa jingine, likakutana na la kwanza kwa pembe, tena la tatu. Ukifumba macho ukapitisha kidole unazihesabu. Chini yake alikwaruza mistari ya mlalo kwa kitu chenye ncha, na pale mstari ulipokamilisha mzunguko na kurudi ulikoanzia, haukukutana vizuri. Umepishana kidogo, akaupotezea kwa mikwaruzo ya mshazari. Nilicheka peke yangu. Kila mfinyanzi anaijua ile sehemu ya chungu anayoigeuza ukutani mteja akija.

Mdomo wa namna ile una kazi kubwa na hauna faida yoyote jikoni. Uji hauivi upesi kwa sababu mdomo una bapa tatu. Ndiyo maana wataalamu wanauamini: jambo lisilo na lazima, ukilikuta sehemu mbili mbalimbali, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Umbo la tumbo halina nguvu hiyo, kwa sababu anayetaka kuchemsha maharage popote duniani ataishia kwenye tumbo la duara.

Lakini kufundishana si lazima kuwe kuhama kwa kabila. Hapo ndipo makala yenu ilipokimbilia mbele.

Twende Ikombe. Kwetu vyungu vinapangwa kwenye mitumbwi, vimetenganishwa kwa nyasi visigongane, vinapelekwa mnadani Matema. Wanunuzi wanatoka Kyela, Tukuyu, Mbeya, na wengine wanavipakia kwenye malori kwenda mbali zaidi. Wakisi ni watu wachache, kijiji chetu kimebanwa kati ya mlima na maji, na wengi wetu hatujahama. Vyungu vyetu ndivyo vilivyohama. Mtu akija kuchimba Uporoto miaka 1,000 ijayo akakuta vigae vyetu kila nyumba, kwa hesabu ya mwandishi wenu ataandika kwamba Wakisi waliteka nchi ya Wasafwa. Wasafwa watashangaa.

Tuje kwangu mwenyewe. Nilipofika kwa mume wangu nilikuta mama mkwe, Allah amrehemu, ni mfinyanzi naye, Mpare. Nilimwangalia akifanya kazi nikaona kila kitu kimekwenda kinyume. Mimi naanza na kitako, juu ya kigae kipana ninachokizungusha kwa mkono, napandisha kuta hadi mdomoni. Yeye alianza na mdomo na mabega, akaacha chungu kikauke kidogo kikiwa wazi chini, halafu akakipindua na kufunga kitako mwisho kabisa. Aliniambia, "Mwanangu, huku udongo una kichwa kigumu, ukianza na kitako kitapasuka." Udongo aliousema ni wa bondeni kando ya Mto Zigi, na kweli una kiburi. Nikajifunza kwake. Wateja nao hawakutaka maumbo ya nyumbani kwetu. Walitaka chungu cha mdomo mpana cha wali wa nazi, na vyetezo vya ubani. Nakshi za Ikombe niliendelea kuzichora kwa sababu zilipendwa, na jirani zangu wawili wakaziiga mpaka leo.

Sasa hebu achimbe mtu hapa uani kwangu. Atakuta udongo wa Zigi, kitako cha Kipare, umbo la Kiswahili na nakshi za Kikisi. Kabila gani hilo?

Hili si jambo langu peke yangu. Mwaka 1987 Ingrid Herbich alichapisha utafiti wake juu ya wafinyanzi wa Kijaluo magharibi mwa Kenya, si mbali na huko Urewe kwenyewe. Watu walikuwa wakidhani ufundi unatoka kwa mama kwenda kwa binti. Yeye alikuta wengi wanajifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au kwa mke mwenza mkubwa. Mwanamke anahamia kwa mume, anaacha ya kwao, anashika ya huku. Kwa hiyo vigae vya kijiji kile vinabaki vilevile vizazi na vizazi, wakati kila mfinyanzi wake amezaliwa kwingine. Wanawake wamehama kweli, tena wengi, na chungu hakikusema chochote! Nikisoma habari za "vyungu havibadiliki, kwa hiyo watu hawakuhama" nawakumbuka mama wakwe wote wa Afrika Mashariki.

Wataalamu wenyewe wanaujua mtego huu, na njia za kuukwepa zipo. Udongo hausemi uongo kuhusu ulikochimbwa. Wanakata kipande cha kigae, wanakisaga hadi kibaki na unene wa milimita 0.03 hivi, mwanga upite, wanakitazama kwa hadubini waone ni chembe za mawe gani zimo: za mlima wa volkano, za mchanga wa pwani, au vipande vya chungu kikuukuu kilichopondwa. Hapo wanajua chungu kilisafiri au kilifinyangwa palepale. Nakshi, kwa upande wake, ni kama mshono wa gauni: mmoja akivaa harusini, mwezi ujao wamevaa kumi. Lakini namna ya kujenga chungu, wapi ulianzia na vipi ulifunga kitako, mteja haioni na jirani haiigi akipita sokoni. Unaipata kwa kukaa na mtu. Alama zake zinabaki ndani ya ukuta wa chungu, kwenye maungio, na picha za eksirei zinazionyesha. Udongo wa hapa ukiwa na mkono wa mbali, basi mtu amesafiri. Udongo wa mbali na mkono wa mbali, ni biashara. Makala yenu ilizungumzia nakshi tu.

Hata wazoefu wanabishana. Kuanzia karne ya 6 au ya 7 hivi, pwani nzima inajaa aina moja ya vyungu vyenye pembetatu zilizokwaruzwa shingoni, zikiwa zimejazwa mistari ndani. Utavikuta Shanga katika Kisiwa cha Pate, Unguja Ukuu, Pemba, Kilwa, Ngazija na jirani zake, hadi Chibuene huko Msumbiji. Utavikuta bara pia, Dakawa kule Morogoro, na bonde la Pangani karibu na Mombo ambako leo mabasi yanasimama kula. Mark Horton, aliyechimba Shanga, aliviita vya Tana na akaona ndani yake mkono wa wafugaji wa kaskazini. Chami akakataa: aliviita kwa jina la pembetatu zake, na akasema ni watoto wa wakulima wa Kwale na chuma chao, waliokuwa hapahapa. Wote wawili ni wasomi wakubwa na waliangalia vyungu vilevile. Mwaka 2011 Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walilinganisha vigae kutoka sehemu nyingi, wakaonyesha kwamba hata huo umoja wenyewe si wa sare: kuna vitu vinavyoshirikishwa pwani nzima, na kuna vya mahali mahali, kila eneo na ladha yake. Mimi, kwa maoni ya mtu wa udongo, naegemea kwa Chami kuhusu asili na kwa hao wawili kuhusu mengine. Watu waliokuwa wakitembeleana kwa mitumbwi na majahazi, wakioana na kununuliana, lazima wafanane kidogo na watofautiane kidogo.

Jambo moja wote wanakubali, na makala yenu haikuligusa. Katika miji ile ya kale, vyungu kutoka Ghuba ya Uajemi vyenye rangi ya feruzi na mitungi ya Kichina vipo, na ndivyo vinavyopigwa picha na kuwekwa kwenye vioo vya makumbusho. Lakini ukihesabu gunia kwa gunia, sehemu kubwa mno ni vyungu vya kienyeji vya kupikia. Neville Chittick alipochimba Kilwa na Manda alipewa sifa, anastahili, lakini ni hao wageni waliong'aa waliomvuta macho. Vyungu vyeusi vya masizi vilikaa muda mrefu bila mtu wa kuvisikiliza.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, sehemu kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya. Katika wengi wao, upande wa baba ulikuwa na Waajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Afrika. Watu wa mitandaoni walishika nusu waliyoipenda, huyu ya baba, yule ya mama. Mimi nilishika tarehe. Vyungu vya pembetatu vilikuwa jikoni pwani nzima karne tatu na ushee kabla ya mchanganyiko huo, na vyungu vya kienyeji havikukatika wageni walipokuja. Mgeni alikaribishwa, akaozeshwa, akalishwa kwenye chungu cha mwenyeji. Hii ni kauli ninayoweza kuitetea kwa vigae na mifupa pamoja. "Kabila la kwanza pwani" siwezi, na mwandishi wenu pia hawezi.

Kwa wanaodhani nakataa tu kwa ukaidi, watazame Ulaya. Huko, kama miaka 4,500 iliyopita, vilienea vikombe vya udongo vyenye umbo la kengele, kutoka Hispania hadi Uingereza. Wataalamu walibishana miaka mingi: je, ni watu walioenea au ni mtindo? Mwaka 2018 vinasaba vya watu wa kale 400 vikatoa jibu, na jibu likawa yote mawili. Kutoka Hispania kwenda Ulaya ya kati, vikombe vilienea bila watu kuhama kwa kiasi cha kuonekana. Uingereza, waliokuja na vikombe walichukua karibu asilimia 90 ya nasaba ya nchi katika karne chache. Kikombe kilekile! Ukikiweka mezani hakikwambii ni habari ipi kati ya hizo mbili. Inabidi umuulize na mtu aliyezikwa nacho.

Sasa shida ya hapa nyumbani. Vigae vinasema kitu vikiwa pale vilipoanguka, kwenye tabaka lao, pamoja na mkaa wa moto uleule, kwa sababu ni mkaa unaopimwa kaboni ukatoa umri. Kikishaokotwa na kutiwa mfukoni kinabaki kuwa kigae tu. Karibu na kwetu, tingatinga la wajenzi wa barabara lilichota kifusi kwenye kilima ambacho wazee walikuwa wakikiita mahame, kijiji cha zamani kilichoachwa. Watoto waliniletea vigae kwenye ndoo, wakijua nitafurahi. Vilikuwamo vya pembetatu, na vitatu vyenye mdomo wa bapa kama nilivyoeleza, yaani watu wa Kwale na waliowafuata mahali pamoja, jambo ambalo Chami na Horton wangelipigania. Tabaka lipi lilikuwa chini na lipi juu, yalipishana au yaliachana kwa miaka 200, jibu limekwenda kushindiliwa barabarani. Nilimuuliza msimamizi wa kazi kama aliona mkaa. Akaniambia, "Mama, sisi tunalipwa kwa lori."

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na chungu kimo. Vijana wanaochimba misingi, vyoo na visima hawaijui, na sijui wangeijuaje kama magazeti yanaandika habari za vigae kwa ajili ya kugombanisha makabila tu. Ningependa gazeti lenu liandike hivi: ukikuta vigae vingi mahali pamoja, hasa vyenye majivu, mkaa au mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha chuma, usivitoe. Pima kina kwa jembe lako, piga picha kwa simu ukiweka kalamu kando ionyeshe ukubwa, kamwambie mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya. Kama ni msingi wa nyumba na fundi ameshalipwa, angalau piga picha ya ukuta wa shimo kabla ya kufukia. Na mkichapisha picha ya kigae, msikichape peke yake kwenye karatasi nyeupe kama kito. Andikeni kilitoka wapi, kina gani, pamoja na nini.

Upande wa kushoto wa kile kilima, tingatinga liliacha ukuta kama kimo cha mtu na nusu. Mistari ya majivu inaonekana, miwili, na vigae vimechomoza. Nimeshamwambia afisa, amesema atapeleka taarifa juu. Mwandishi wenu akitaka kuja na mtaalamu, chai ipo na nitampeleka mwenyewe, lakini aje kabla ya masika, maana udongo ule ukishalowa hausimami.

Mama Tumaini,
Mfinyanzi,
Muheza, Tanga.